Jinsi ya Kubuni Watu na Mila za Ulimwengu wa Kubuni: Mwongozo Kamili kwa Watunzi wa Mtwara na Lindi

Wengi wanaoanza kutunga hadithi za ulimwengu wa kubuni huanzia juu. Huchora taji la mfalme, hupanga miungu kwa vyeo, huwavika askari ngozi za wanyama wasiokuwepo. Ukifika katikati ya hadithi ukauliza hao askari asubuhi wamekunywa nini na maji yametoka wapi, hakuna jibu. Watu wa namna hiyo wamevishwa tu, hawajaanza kuishi.

Mwongozo huu unapita njia ya chini. Tunaanza na maji, udongo na upepo, tunapanda kwenye kazi na chakula, kisha urithi na madeni, kisha majirani, na imani tunaikuta njiani ikiwa imeshaota yenyewe. Ninachokisimamia ni kimoja: kila mila uibuni ikiwa na sababu, na sababu hiyo iwe jambo ambalo watu wako hawana budi kulifanya kila siku au kila msimu.

Nimewaandikia kwanza vijana wa Mtwara na Lindi, kwa sababu mikoa hii miwili ni ghala la mifano na watunzi wetu wengi wanaipita wakikimbilia majumba ya theluji ambayo hawajawahi kuyaona. Aliye Tanga au Mombasa abadilishe mifano, hatua zitabaki zilezile.

Utahitaji daftari, penseli, na karatasi moja kubwa ya ramani. Nitajenga nawe ulimwengu mmoja mdogo tangu mwanzo hadi mwisho, wenye watu watatu: Waleku wa uwanda wa juu, Wasalu wa pwani, na Wamehe wa mtoni.

Hatua ya kwanza: nchi itangulie watu

Chora ardhi tupu, bila mji hata mmoja. Weka milima, mto, pwani. Kisha kila kipande cha ardhi kiandikie majibu matatu: maji ya kunywa yanatoka wapi, kitu gani kinaua watu hapa, na kitu gani kinapatikana hapa ambacho jirani hana.

Uwanda wa Makonde, unaoibeba Newala na Tandahimba, ni mfano ambao ningemwekea mtunzi yeyote mezani. Udongo wa juu ni kichanga. Mvua inanyesha, lakini maji yanazama na kutokea tena chini kabisa, kwenye kingo na mabonde. Kwa vizazi vingi watu waliishi juu na kuteka maji chini. Mgeni atauliza kwa nini wasihamie bondeni. Ni kwamba katika karne ya 19 nchi ya chini ndiko walikopita wakamataji wa watumwa na vikosi vya Wangoni, na vichaka vizito vya juu vilikuwa ngome. Hapo unaipata kanuni yenye thamani kubwa katika kazi hii: watu hukubali taabu moja ili waikwepe nyingine iliyo kubwa zaidi. Tafuta taabu mbili katika nchi yako, zigombanishe, halafu angalia watu wako wanachagua ipi. Uchaguzi huo ndio utakaozaa nyumba zao, nyimbo zao na matusi yao.

Upepo nao uuchore. Kaskazi ikivuma, majahazi yalishuka kutoka Arabuni. Kusi ikianza, yakarudi. Chombo kiliweza kufika Kilwa na kurudi katika mwaka uleule, lakini aliyetaka kwenda kusini zaidi, hadi Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, ilikotoka dhahabu, alijiweka katika hatari ya kukwama akisubiri msimu mwingine. Kwa hiyo dhahabu ililetwa Kilwa, ikauziwa Kilwa, na Kilwa ikatajirika. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika mwaka 1331 aliusifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri. Katika karne hiyohiyo lilijengwa jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari. Jumba lile ni kazi ya upepo kwanza, fundi baadaye. Mtunzi anayeuweka mji tajiri kwenye ramani yake bila kusema upepo gani au mto gani umeutajirisha ameweka picha ya mji.

Sasa nchi yangu. Waleku nimewapa uwanda wa kichanga usio na kisima. Chemchemi ziko bondeni, mwendo wa saa mbili kushuka na zaidi ya hapo kupanda. Bondeni kuna homa inayoua watoto. Wasalu nimewapa pwani ya mikoko na kisiwa. Hapo nikafanya badiliko moja tu la ajabu, na ninakushauri nawe ufanye moja tu mwanzoni: angani kuna miezi miwili.

Hapa kwetu mwezi mmoja unatupa bamvua mara mbili kwa kila mzunguko, ukiandama na ukipevuka, yaani takriban kila siku 15, na katikati yake maji mafu. Kwa Wasalu mwezi mkubwa unamaliza mzunguko kwa siku 24, mdogo kwa siku 9. Bamvua ya mkubwa inakuja kila siku ya 12, ya mdogo kila baada ya siku nne na nusu. Piga hesabu: zinakutana kila siku ya 36. Siku hiyo maji yanakupwa kuliko siku zote, na kati ya kisiwa na bara linatokea fungu la mchanga ambalo siku nyingine halionekani. Bila kuandika mila hata moja nimeshapata kalenda ya siku 36, siku moja inayongojwa na kila mtu, na saa chache ambazo mguu unaweza kupita mahali pa mtumbwi. Fanya hesabu yako kwa namna hiyo, kwa kalamu, hata kama msomaji hataiona kamwe. Yeye atauona mpangilio wake, na mpangilio ndio unaomfanya aamini.

Hatua ya pili: siku moja ya mtu wa kawaida

Usimchukue mfalme. Chukua mtu asiye na cheo, umfuate tangu anaamka hadi analala. Andika ukurasa mzima wa kazi yake, na kazi uijue.

Nenda Msimbati au Mikindani maji yakiwa yamekupwa, uwaangalie wanawake wanaotafuta pweza. Kanga imefungwa kiunoni ipande juu ya goti, mkononi chuma chembamba, machoni subira. Hawachomi kila tundu. Pweza hula kaa na chaza ndani ya pango lake na kutupa maganda mlangoni, kwa hiyo anayejua hutazama kwanza maganda: yakiwa yameoshwa na kutawanywa na maji, mwenyewe alishahama, yakiwa mapya, yamelundikana, yupo ndani. Chuma kinaingia polepole, kinaguswa, kinangojwa. Wakati huohuo sikio liko baharini, maana maji yakianza kujaa hayampigii mtu hodi. Mama mmoja anaweza kufanya haya yote huku akimsimulia mwenzake habari za harusi.

Katika kazi hiyo moja kuna elimu, kuna adabu ya kutoingilia eneo la mwenzako, kuna saa isiyo ya ukutani, na kuna maneno ya kazi. Wasalu wangu niliwapata hapo. Kwao mtu mwenye akili husifiwa kwamba "anasoma mlangoni," na mtu mwenye pupa ni "mchoma kila tundu." Sikukaa kutafuta methali. Kazi ilinipa.

Chakula kifuate kazi. Waulize watu wako wanakula nini ghala likiwa limejaa, na wanakula nini likiwa tupu. Jibu la pili ndilo lenye hadithi. Kusini tuna ming'oko, mizizi ya porini inayochimbwa na kuchemshwa, ambayo imewasitiri watu wengi mahindi na mihogo vilipopungua. Watu wenye chakula cha shida wana kumbukumbu ya shida, wanajua msitu, na wana wazee wanaowafundisha watoto mzizi upi unaliwa na upi unaua. Watu wako nao wape chakula cha shida, na uamue kama wanakionea fahari au wanakificha mgeni akija. Waleku wangu wanakificha. Wamehe wanakipika harusini.

Hatua ya tatu: nani anarithi, nani anadaiwa

Hapa ndipo watunzi wengi wanaporuka, na mimi ninapenda kukaa hapa kuliko hatua nyingine yoyote, maana hadithi nzuri zimejificha kwenye mirathi na madeni.

Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno zito juu ya wapwa zake. Tazama jambo hilo linavyobadilisha nyumba nzima: baba anawapenda watoto wake wa kuwazaa, lakini wanaomrithi kimila ni watoto wa dada yake. Ukimwandika baba wa namna hiyo akiwa na shamba zuri la mikorosho na mwana mmoja hodari, una mgogoro tayari, na hakuna joka aliyehitajika. Weka juu yake dini iliyokuja na sheria nyingine ya mirathi, weka sheria ya serikali, na wajumbe watatu wa baraza la ukoo wasioelewana. Tabaka za namna hii ndizo zinazowafanya watu wa kubuni waonekane wana miaka mingi nyuma yao.

Amua mambo matatu ya urithi: kitu gani kikubwa kinarithiwa, kinapita kwa nani, na nani anabaki mikono mitupu. Kwa Waleku, kitu kikubwa ni haki ya chemchemi. Haki hiyo wanaishika wanawake, mama kwa binti, kwa sababu ndio wanaoteka na ndio wanaojua ipi inakauka mwezi gani. Wanaume wanarithi njia: kufyeka mteremko, kulinda wasafiri, kutengeneza ngazi za miti. Mwanamume wa Leku asiye na dada aliyeolewa vizuri ana njia inayokwenda kwenye maji ya watu wengine.

Kutokana na hapo mila zinajiandika. Uwandani mgeni hakaribishwi kwa maji, mgeni ndiye anayeyaleta. Kiapo kikubwa ni kumwaga maji mbele ya mashahidi. Kuruka kibuyu cha mtu ni tusi linaloitishiwa baraza. Mahari ni ahadi ya safari: familia ya mume itateka kwa zamu katika miezi ambayo bibi harusi ni mjamzito.

Deni nalo. Msimu wa korosho unaanza karibu Oktoba, na kabla haujafika kuna miezi ya ukata. Hapo ndipo kangomba inapoingia: mlanguzi anatoa hela kidogo leo, naye atachukua korosho kwa bei aliyoipanga mwenyewe, nje ya mnada na ghala. Mkulima anajua anapunjwa, lakini ada na dawa havisubiri mnada. Tangu mwaka 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima kuweka korosho ghalani, kupewa stakabadhi na kungoja ziuzwe kwa mnada, umekuwepo Mtwara, na kangomba bado inatajwa kila msimu. Jifunze kutokana na hilo kwamba kila watu wana sheria iliyoandikwa na njia ya pembeni, na mtunzi anatakiwa kuzijua zote mbili. Katika daftari lako, mbele ya kila sheria unayoibuni, andika jinsi mtu mwenye njaa anavyoizunguka.

Hatua ya nne: wakutanishe

Watu hawajengeki wakiwa peke yao. Kila wawili unaowaweka kwenye ramani waandikie wanauziana nini, walipigana lini, na wanacheka nini juu ya wenzao.

Utani wetu wa makabila unastahili kusomwa kwa makini na kila anayebuni ulimwengu. Mara nyingi chimbuko lake ni vita vya zamani au safari za biashara: waliouana wakapatana, waliopokeana njiani wakazoeana, na ugomvi ukageuzwa kuwa ruhusa ya kukejeliana na wajibu wa kusaidiana. Msibani mtani anafanya kazi ambazo mwenye msiba hawezi, anachimba kaburi, anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anadai malipo akikaa njiani. Anayelia anajikuta anacheka, na hakuna anayekasirika. Wamehe wangu ni watani wa Waleku. Mleku akifa, Wamehe wanalala kwenye njia ya kaburini na kukataa kuinuka hadi wapewe maji ya kunawa, maji yenyewe yaleyale ambayo wafiwa wameyapandisha mlima. Yule mzee aliyekuwa bahili wa maji ndiye watakayemtesa zaidi siku hiyo.

Pia waachie wawili kisa kimoja kinachosimuliwa tofauti. Tarikh ya Kilwa, maandishi ya kale ya historia ya mji huo, inaeleza kwamba Ali bin al-Hassan, aliyetoka Shirazi, alikinunua kisiwa kutoka kwa mtawala wake kwa nguo za kutosha kukizunguka. Baadaye mtawala yule akataka kurudi kukitwaa, lakini mgeni alikuwa ameshachimba mkondo ambao zamani watu walivuka kwa miguu maji yakikupwa. Mtawala akafika, akangoja maji yatoke, hayakutoka, akarudi. Kisa kimeandikwa na upande wa walionunua. Ukae chini ukiandike upande wa aliyeuza: alidhani anauza nini hasa, kisiwa au ruhusa ya kukaa? Zoezi hilo moja litakufundisha mengi kuhusu mikataba kati ya watu wasiofanana.

Wasalu na Waleku wanakutana kwenye lile fungu la mchanga siku ya 36. Panaitwa Fungu tu. Soko linaanza mchanga ukiwa bado unatiririka maji na linakwisha bahari ikirudi. Silaha haziruhusiwi, deni la soko lililopita linalipwa kwanza kabla ya kununua, na hukumu inatolewa mtu akiwa amesimama majini: kadiri anavyobishana ndivyo maji yanavyopanda. Hakimu naye amesimama hapohapo.

Bidhaa zako zifuatilie hadi mbali kuliko hadithi inavyohitaji. Sarafu ya shaba iliyopigwa Kilwa imeokotwa Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe, na mwaka 1944 nyingine zikaokotwa kwenye kisiwa cha kaskazini mwa Australia. Sarafu moja mahali isipotarajiwa inamfungulia msomaji bahari nzima.

Hatua ya tano: imani na sherehe

Tukifika hapa pamoja, utaona imani haikupi taabu. Tazama simulizi ya asili ya Wamakonde iliyoandikwa Newala tangu 1906. Kulikuwa na mtu mmoja aliyeishi peke yake porini, haogi, hanyoi. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na asubuhi ikawa mwanamke. Wakashuka Ruvuma kuoga, mwanamke akajifungua mtoto akiwa amekufa. Wakavuka uwanda hadi bonde la Mbwemkuru, mtoto wa pili naye akafa. Waliporudi juu uwandani, wa tatu akaishi. Ndipo wakakaa juu. Katika simulizi fupi kama hiyo kuna uchongaji, kuna mama wa kwanza, kuna hatari ya bonde, kuna sababu ya kuishi mbali na maji. Imani na nchi zimeshonwa kwa uzi mmoja. Ukibuni asili ya watu wako, ipime hivyo: je, inaeleza kwa nini wanaishi hapa na si pale?

Imani inaweza pia kuwa nguvu ya kisiasa. Maji Maji ilianza Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Matumbi, kwa kung'oa pamba ambayo watu walilazimishwa kuilima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji ambayo watu waliamini yangezuia risasi. Manung'uniko yalikuwepo kabla yake. Maji yale yaliwapa watu wa koo na lugha mbalimbali kitu kimoja cha kushika. Vita vilidumu hadi 1907, na njaa iliyofuata iliua wengi mno. Ukiwapa watu wako nabii, kwanza waandikie pamba yao.

Sherehe ziweke kwenye kalenda ya chakula. Jando na unyago hupangwa mavuno yakiwa ndani, maana huwezi kulisha wageni kwa ghala tupu. Na hapa nina neno la msisitizo. Yanayofundishwa ndani ya jando na unyago ni ya wenyewe. Usiyachukue ukayabandika kwa watu wako wa kubuni, hata kama ulipita huko au bibi yako alikusimulia. Chukua yanayoonekana na wote: siku ya kutoka, nguo mpya, ngoma, wachezaji wa mapiko waliovaa vinyago usoni wakiwatisha watoto, mama zao wakipiga vigelegele. Funzo la ndani la watu wako libuni mwenyewe kutokana na maisha yao. Binti wa Leku, akiingizwa ukubwani, anafundishwa chemchemi ya siri ya ukoo wake, na anashushwa usiku ili asijue njia hadi atakapoweza kuirudia peke yake.

Hatua ya sita: majina

Fupi hapa. Wape kila watu sauti chache za kupendelea na sauti mbili wasizotumia kabisa, halafu usivunje kanuni hiyo. Waleku hawana "r" wala "z". Majina yao ya wanawake yanaishia kwa "-uma", na mahali panaanza kwa "Li-". Wasalu wanapenda silabi za "sa" na "sha". Wamehe hawana kanuni, kwa sababu wanavusha kila mtu na wameokota majina kote. Kabla hujaliridhia jina, lisome kwa sauti mbele ya Mmakonde, Myao na Mngindo, usije ukampa binti wa mfalme neno la matusi la kijiji cha tatu.

Hatua ya saba: wagawanyike

Hakuna watu wenye mawazo mamoja. Ukijikuta umeandika "Waleku wanaamini kwamba," simama, uandike nani haamini na anapoteza nini akisema hadharani.

Kwa Waleku mgawanyiko ni birika. Kijana mmoja aliyefanya kazi kwa Wasalu amerudi na elimu ya kupaka chokaa shimo ili mvua isizame. Birika la kwanza limejaa. Watoto wanaoga mchana, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Kila mtu anapaswa kufurahi, lakini fikiri nani anaumia. Mama wenye chemchemi wanapoteza haki waliyorithi kwa vizazi vingi. Wanaume wa njia hawana tena cha kulinda. Kiapo cha kumwaga maji kinakuwa chepesi. Mtani aliyekuwa akidai maji msibani anapewa ndoo, na utani wenyewe unakosa uchungu. Na yule kijana, kwa kuwa mabirika yanachimbwa na wanaume, ameanza kuyarithisha kwa mwanawe badala ya mpwa wake. Hakuna mtu mbaya hapo. Bibi anayelibomoa birika usiku ana sababu nzuri kama ya mjukuu wake aliyelijenga.

Nchi zetu zimebadilishwa hivyo mara nyingi. Mwaka 1949 reli ilifunguliwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, kwenda Nachingwea kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza. Mpango ukaanguka, na miaka ya 60 ilipoanza reli ikang'olewa. Gesi nayo iligunduliwa, Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Kila jambo la namna hii linaacha watu waliopanda, watu walioshuka, na watu wanaobishana hadi leo. Wape watu wako angalau jambo moja lililokuja, likaondoka, na bado lina mabaki porini.

Hatua ya nane: vitu vya mkononi

Chagua vitu vitatu tu kwa kila watu, uvieleze kwa undani: kimetengenezwa na nini, nani anaruhusiwa kukigusa, kinavunjika vipi, na kikivunjika wanafanya nini. Mpingo ni mfano mzuri, mti wa moyo mweusi na mgumu unaochelewa sana kukua. Mchongaji wa Kimakonde huanza na gogo lililopinda, huliacha umbo lake limwongoze, na katika zile sanamu zinazoitwa ujamaa huwapandisha watu juu ya watu, kila mmoja amembeba mwenzake. Ndonya, iliyovaliwa na wanawake kwenye mdomo wa juu, nayo ilichongwa kwa mti. Kwa hiyo mti uleule ulikaa usoni, msituni na sokoni.

Na kama ardhi yako ina kitu cha kale kilichofukiwa, amua nani anakimiliki. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, Lindi, kazi iliyosimamiwa na Boheti bin Amrani na kufanywa na mamia ya watu wa kwetu. Zaidi ya tani 200 zilibebwa kwa vichwa na mabega hadi bandarini, na mifupa ile imesimama Berlin hadi sasa. Wape watu wako mifupa kama hiyo, uone baraza lao litasema nini meli ikitia nanga.

Hatua ya tisa: waingize kwenye hadithi

Sasa funga daftari. Sehemu kubwa ya uliyoyaandika haitaingia, na isiingie. Mtunzi mchanga huandika hivi:

"Waleku ni watu wa uwandani. Kwa mila yao mgeni huleta maji, na asiyeleta ya kutosha hudharauliwa."

Anaelezea, hasimulii. Jaribu hivi:

"Tuma alipofika kwa mama mkwe, kibuyu kilikuwa nusu. Alikishika kwa mikono miwili ili kisisikike kinavyocheza. Mama mkwe alikipokea, akakitikisa mara moja karibu na sikio, akakisukuma chini ya kitanda badala ya kukiweka mlangoni. 'Njia ni ndefu siku hizi,' alisema. Nje, watoto walikuwa wanachekelea birikani."

Mila ipo yote, hakuna aliyeifundisha. Msomaji anajua kibuyu kilipaswa kukaa mlangoni kwa sababu hakikukaa. Ukishaandika kurasa kumi za kwanza, mpe mtu asiyejua lolote kuhusu ulimwengu wako, na umwombe akuambie mambo matatu: watu hawa wanaogopa nini, wanadaiana nini, na yeye angepata aibu gani akiwatembelea. Akishindwa la tatu, rudi hatua ya pili, ufuatane na yule mtu asiye na cheo siku nyingine nzima.